Uzi maalum: kupiga picha ndege wa porini kwenye dimbwi la jangwani, Australia ya kati

Lambo_Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Kule kwenye uzi wa kamera watu wamekuwa wakiniuliza zile picha za bajerigari, wale kasuku wadogo wa kijani, huwa napigaje, nikaona badala ya kujibu nusu nusu bora nifungue uzi kabisa tujadili kwa nafasi.

Mimi naishi Alice Springs, katikati kabisa ya Australia. Kutoka hapa kwenda Darwin ni kama kilomita 1,500 na kwenda Adelaide hivyo hivyo, na hapo kati ni udongo mwekundu, majani ya spinifeksi yanayochoma kama sindano, migunga ya mulga na mikaratusi mikubwa pembeni ya mito ambayo muda mwingi ni mchanga mtupu. Mvua ya mwaka ni wastani wa milimita 280 hivi, ila huo ni wastani tu, kuna mwaka inamwagika mpaka jangwa linageuka kijani na kuna mwaka mnaishia kuangalia mawingu yakipita. Kwa hiyo maji yakibaki sehemu moja, iwe dimbwi kwenye korongo la miamba au lambo la ng'ombe, basi ndege wa eneo zima wanajua, na wewe ukikaa hapo unawaona wote bila kuzunguka.

Sasa niseme jambo ninaloliamini kabisa. Kinacholeta picha pale ni kujua ndege gani anakunywa saa ngapi na anaingiaje majini, halafu ukakaa mahali ambapo atakunywa mpaka aridhike. Lenzi inafuata baadae. Nimewaona watu na lenzi za bei ya gari wanaondoka na picha za migongo kwa sababu walisogea mno, ndege wakawa wanazunguka juu tu na kiu yao.

Wanaokuja sana majini ni wala mbegu. Mbegu kavu haina maji ndani yake, kwa hiyo njiwa, chiriku na kasuku lazima wanywe, na joto likipanda wanakunywa kila siku. Wala wadudu na wala nyama wengi maji yao wanayapata kwenye windo, usikae pale unamsubiri mla wadudu fulani aje kunywa utazeeka. Ndege wala nekta, yaani maji matamu ya maua, hawa wa huku wanafanya kazi inayofanywa na ndege chozi kule Afrika Mashariki ingawa hawana undugu, wao joto likizidi wanakuja mchana kutwa, wanajitupa majini wanaloa wanaruka, ni wasumbufu lakini wanafurahisha.

Ratiba iko hivi. Kabla jua halijatoka, bado giza giza, wanakuja kasuku wa Bourke, wana rangi ya kahawia na waridi kifuani, na njiwa bronzi wa kawaida ambaye pia anapenda mwanga hafifu. Hawa kuwapiga picha ni kazi kweli kweli maana mwanga hakuna. Wanarudi tena jioni jua likishazama. Kinachofuata asubuhi ni chiriku pundamilia, mdomo wa machungwa, mkia una mistari myeupe na myeusi, dume ana madoa meupe ubavuni, wanakuja makundi makundi na hawakauki mpaka mchana. Angalia anavyokunywa: anachovya mdomo na kuvuta maji moja kwa moja kama njiwa bila kuinua kichwa, ndege wengine wengi lazima wainue kichwa maji yateremke kooni. Ndio maana yeye anamaliza ndani ya sekunde chache na kuondoka, na wewe ukiwa bado unatafuta fokasi ameshaenda.

Halafu jua likipanda kidogo ndio bajerigari. Hapa naomba nikae kidogo maana ndio sababu ya uzi.

Kwanza unawasikia. Soga za mbali, za ndege wengi wanaoongea kwa pamoja, halafu wingu la kijani linatokea juu ya miti, linapinda, likigeuka upande mmoja unaona kijani na likigeuka upande mwingine unaona njano. Hawatui mara moja hata siku moja. Wanazunguka, wanashuka karibu na maji, wanaghairi, wanapanda tena mitini, mti mkavu unajaa mpaka unaonekana una majani. Hofu yao ni kozi, yule ndege mwindaji, maana naye anaijua ratiba. Mwisho wachache wanashuka ukingoni, na hao wakishaanza kunywa bila kudhurika basi kundi lote linamwagika, sauti ya mbawa ni kama mvua inayoanza kwenye mabati. Wengine wanakosa nafasi ukingoni wanatua juu ya maji kabisa, mbawa zimeinuliwa, wanakunywa wakielea sekunde moja halafu wanaruka. Hiyo ndio picha. Ndege asiyefika gramu 40 yuko juu ya maji, kivuli chake kinamtazama kutoka chini, na nyuma yake wenzie mamia hawana umbo wamebaki rangi tu.

Kuipata, kaa chini. Chini kabisa, tumbo kwenye udongo, lenzi iwe karibu na usawa wa maji. Ukipiga umesimama unapata mgongo wa ndege na matope. Jua liwe nyuma yako, na kama inawezekana upepo nao uwe nyuma yako, kwa sababu ndege anatua akielekea upepo unakotoka, kwa hiyo atakuwa anakuja uso kwa uso na wewe. Hapa kwetu asubuhi za majira ya ukame upepo mara nyingi unatoka kusini mashariki na jua lipo mashariki, ukikaa upande huo wa dimbwi umepata vyote viwili. Chagua ukingo wenye mteremko laini mkabala na wewe, wanaupenda huo kuliko ule uliokatika wima.

Na usiwe peke yako wala usiende bila kumwambia mtu unarudi lini. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani yatakutosha, simu ya satelaiti au redio, tairi la akiba zaidi ya moja. Mtandao wa simu ukitoka mjini kidogo tu umeisha.

Karibuni wakuu, aliye na swali aulize, aliye na uzoefu atie neno.

Kwelea_wa_Dodoma

Aisee mkuu uzi mzuri sana, umenikumbusha kwelea kwelea wetu huku, wanavyogeuka angani wote kwa pamoja. Ila huku tukiwaona tunawaza mtama tu. Hivi hao bajerigari nao wanamaliza mashamba? Na shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, unaweka ngapi, maana mimi nikipiga kundi naambulia ukungu mtupu.

Lambo_Kavu

Mkuu hapa katikati hakuna mashamba ya nafaka, wao wanakula mbegu za nyasi za asili. Ni wahamaji, wanafuata mvua, ikinyesha sehemu nyasi zikatoa mbegu wanakwenda huko na kuzaa haraka kwenye matundu ya miti, ndio maana mwaka mmoja baada ya mvua nzuri unaona makundi ya kutisha na mwaka unaofuata sehemu ile ile unakuta wawili watatu.

Shata: kumgandisha mmoja anayeruka usishuke chini ya 1/2500, mimi napenda 1/3200 au zaidi, na ISO, yaani uwezo wa kamera kuhisi mwanga, naiacha ipande tu mpaka 3200, chembechembe kwenye picha zinavumilika kuliko ndege aliyetikisika. Tundu la lenzi f/5.6 au f/8 kwa kundi. Kosa la wengi kwenye kundi ni lenzi ndefu mno, unabanana nao unakata mbawa kila mahali. Kwa kundi weka lenzi ya milimita 70-200, kwa ndege mmoja mmoja ndio 500 au ile ya zumu 150-600. Angalia pia kama kamera yako inatumia shata ya kielektroniki, zilizo nyingi sensa, kile kipande kinachonasa picha, inasoma polepole na mbawa zinatoka zimepinda ajabu, kwa ndege hao weka shata ya kawaida.

Jambo lingine ni mvuke wa joto. Saa tatu asubuhi ikishapita hewa juu ya udongo inaanza kucheza, picha zote zinakuwa laini hata uwe na lenzi ya malaika, na hakuna programu ya kuirekebisha. Wakati huo piga wa karibu tu au pumzika.

shangazi_Nungwi

Mwanangu hongera, umeandika kwa mapenzi mpaka raha. Mie nilikuwa nao nyumbani kizimbani, tuliwaita lavubedi, wa buluu na mweupe. Kumbe kwao ni huko? Na hao wa porini wapo wa buluu?

Lambo_Kavu

Shikamoo shangazi. Ndio, kwao ni huku, wa porini karibu wote ni kijani na njano na mistari myeusi mgongoni. Buluu, weupe na zile rangi nyingine ni kazi ya wafugaji. Ulaya walifika wakiwa hai mwaka 1840, aliwapeleka John Gould, yule mtaalamu wa ndege wa Uingereza. Lavubedi wenyewe ni ndege wengine kabisa na shangazi hao ni wetu, yule wa Fischer mwenye kichwa cha machungwa asili yake ni Tanzania kaskazini, maeneo ya Serengeti na kuzunguka Ziwa Victoria.

Ukimwona bajerigari mmoja kizimbani amekaa kimya halafu ukaja ukaona wanavyoshuka dimbwini maelfu, utaelewa kwa nini mimi siwezi tena kumfuga.

FotoMbeya

Bro kwanza salute. Pili, mimi huwa natumia sauti, naweka simu inacheza mlio wa ndege wanakuja wenyewe mpaka mita tano. Kwa nini ulale kwenye matope masaa yote hayo? Au unasogea tu na gari mpaka ukingoni, hawaogopi gari.

Lambo_Kavu

Kaka gari nakubaliana na wewe asilimia mia, gari ni kificho kizuri sana, zima injini, weka lenzi kwenye mfuko wa mchele dirishani, ukitulia wanasahau kama upo. Ila usiliegeshe ukingoni. Liache nyuma, na uwe umefika kabla yao, ukifika wao wakiwepo umeshaharibu.

Sauti kwenye dimbwi hapana. Hapa naomba unisikilize vizuri kaka yangu. Ndege anayekuja pale amekuja kwa shida. Januari 2009 Australia Magharibi joto lilipita nyuzi 45 kwa siku kadhaa mfululizo na ndege walikufa kwa maelfu, wengi wao chiriku pundamilia na bajerigari. Ndege mdogo kwenye joto hilo anahema mdomo wazi ili apoze mwili, kila pumzi inatoa maji, na mwilini ana akiba ndogo sana. Sasa wewe umchezee sauti ya mpinzani aanze kupigana, au ukae kwenye ukingo pekee unaofaa yeye azunguke juu nusu saa bila kunywa, umemtoa maji ambayo hawezi kuyarudisha. Siku za joto kali mimi sikai karibu na dimbwi dogo kabisa. Kama maji ni hayo tu na wao wanazunguka hawashuki, inuka uondoke. Hakuna picha inayolipa hiyo.

Tena angalia na wengine wanaowavizia pale pale. Paka waliogeuka wa porini ni janga la nchi hii, utafiti wa 2017 ulikadiria wanaua ndege zaidi ya milioni 1 kwa siku nchi nzima. Ngamia nao, waliletwa karne ya 19 kubeba mizigo, magari yalipokuja wakaachiwa, sasa ukame ukikaza wanavamia dimbwi wanalimaliza na kulichafua, 2009 walivamia mpaka kijiji cha Docker River kwa maelfu wakitafuta maji wakavunja mabomba. Ndege ana shida za kutosha.

FotoMbeya

Sawa nimekuelewa, ya joto sikuijua. Ila mbona nasikia huko wanajenga vibanda kabisa na mabirika ya maji kwa ajili ya wapiga picha? Si ni kuwaingilia vile vile?

Lambo_Kavu

Swali zuri. Kuna hifadhi inaitwa Gluepot, Australia Kusini, shirika la BirdLife walinunua lile shamba 1997, wameweka mabirika na vibanda vya kujifichia mbele yake. Tofauti ni kwamba kibanda kipo siku zote, ndege wamekizoea kama wanavyozoea kisiki, na wewe unaingia kwa nyuma hawakuoni. Unakaa ndani na heshima zako, wao wanakunywa.

Ila hoja yako ina uzito ukiangalia nchi nzima. Chini ya Australia kuna hazina ya maji inaitwa Great Artesian Basin, eneo lake ni zaidi ya moja ya tano ya nchi, na toka karne ya 19 wafugaji wamechimba visima vingi mno, vingine viliachwa vikimwaga maji bure miaka na miaka kabla serikali haijaanza kuviziba. Maji hayo yamebadilisha nani anaishi wapi. Galaa, yule kasuku wa waridi na kijivu, na njiwa kishungi wamesambaa sana wakifuata malambo. Ndege wengine wa nchi kavu wamepungua kwa sababu mifugo nayo ilifuata maji ikamaliza nyasi. Kwa hiyo ukipiga picha kwenye lambo ujue unapiga historia ya ufugaji pia.

Na kwa kuwa nimemtaja njiwa kishungi, msikilizeni sana huyu. Akiruka kwa hofu bawa lake linapiga filimbi kali, kuna unyoya wa nane kwenye bawa ni mwembamba kuliko wenzake ndio unatoa mlio huo, watafiti wa chuo kikuu cha taifa pale Canberra walionyesha 2017 kwamba wenzie wakiusikia wanakimbia bila hata kuona hatari. Ukiusikia pale dimbwini usiangalie maji tena, geuza kamera juu, kuna kozi au mwewe anaingia. Picha zangu nzuri za kozi zote zimeanzia kwenye hiyo filimbi.

Mkongomani_Darwin

Ndugu yangu, mie niko Darwin hapa, natokea Bukavu. Huku tunasikia habari ya chiriku wa Gould, yule wa rangi zote. Anapatikana wapi na wakati gani? Ninayo lenzi 100-400 tu.

Lambo_Kavu

Karibu sana ndugu, jirani wa kilomita 1,500 haha. Hiyo lenzi inatosha. Wewe uko pazuri kuliko mimi kwa huyo, tafuta maeneo ya Pine Creek na Katherine, na ng'ambo huko Wyndham. Wakati ni mwisho wa ukame, Septemba na Oktoba, vidimbwi vingi vimekauka vimebaki vichache ndio wanakusanyika, asubuhi jua likiwa limeshatoka. Wengi wana kichwa cheusi, kama robo hivi wana chekundu, na wa njano ni adimu sana. Vijana wao ni kijani kilichofifia, usiwapite ukidhani ni ndege mwingine. Wanaishi kwa mbegu za mtama wa porini na wanataga kwenye matundu ya mikaratusi, moto wa porini ukizidi wanakosa vyote viwili.

Ila ndugu, huko kwenu ile habari yangu ya kulala tumbo ukingoni ISAHAU. Kuna mamba wa maji chumvi na wanapanda mpaka mito na mabwawa ya maji baridi mbali na bahari. Kaa mbali na juu, soma mabango, dimbwi usilolijua usilisogelee hata kunawa.

Kwelea_wa_Dodoma

Mkuu vipi kuhusu ruhusa, unaingia tu popote ukikuta maji?

Lambo_Kavu

Hapana kabisa. Karibu nusu ya jimbo hili la Northern Territory ni ardhi ya wenyeji wa asili kwa sheria ya 1976, huku kwetu kibali kinatolewa na Central Land Council. Madimbwi mengi kwao ni mahali patakatifu yenye simulizi za mababu, kuna pengine hawataki picha na kuna pengine hawataki mtu kabisa, unauliza na unaheshimu jibu. Mashamba ya ng'ombe nayo ni ya watu, piga simu kwanza, na usipige kambi kwenye maji kwa sababu ng'ombe hawatasogea usiku. Anayeanza aende Ormiston Gorge, kilomita 135 magharibi ya Alice, ni hifadhi ya wazi ina dimbwi la kudumu, au Newhaven upande wa barabara ya Tanami ambako shirika la Australian Wildlife Conservancy wanapokea wageni majira ya baridi.

Na kingine, ndege adimu usitangaze mahali. Kasuku wa usiku alihesabiwa kama ametoweka, baada ya 1912 hakukuwa na ushahidi wa maana mpaka akaokotwa amekufa pembeni ya barabara Queensland 1990, picha za aliye hai zikaja 2013. Mahali pakafichwa, na wenye kumpenda ndege wakaelewa kwa nini. Picha ukiipandisha mtandaoni ondoa taarifa za eneo kwanza, kamera nyingi na simu zinaziweka zenyewe.

shangazi_Nungwi

Mie nauliza la kwetu. Mjukuu wangu yuko Manyara ana kamera. Kuna ndege wa kuja majini hivyo huko?

Lambo_Kavu

Tena sana shangazi, mwambie awatafute firigogo. Australia hawapo kabisa, na mimi huku nawaonea wivu kwa hilo. Wengi wao wanakuja kunywa asubuhi jua likishapanda, wanapita wakiita, na kuna yule wa Lichtenstein anakuja magharibi giza likianza, kwa huyo aongeze ISO bila huruma. Yale yote ya jua na upepo nyuma, kukaa chini, kufika kabla yao, ni yale yale, ila asikae peke yake maana huko kuna tembo na nyati nao wanakuja kunywa, akae ndani ya gari. Amwangalie dume msimu wa vifaranga: anaingia majini anakaa analowesha manyoya ya tumbo kama sifongo, anaruka nayo kilomita kadhaa, vifaranga wanakunywa kwenye manyoya hayo. Akiipata hiyo shangazi mwambie ailete kwenye uzi huu, nami nitamjibu maswali ya kamera moja moja mpaka aelewe.